Alikolala Murshid

Mlinzi wa makaburi alikuwa mzee wa Kichina mwenye kofia nyeupe ya kuswalia, na alianza kutikisa kichwa kabla Abdulsamad hajamaliza kumuuliza.

"Mei you," alisema. Hayupo.

Hata hivyo aliwaonea huruma. Akawatembeza safu kwa safu chini ya mianzi, akiyafuta mawe kwa kiganja ili wayasome wenyewe. Palikuwa na Waarabu, Wahindi, Wachina chungu nzima, na mabaharia wa karne zilizopita ambao hakuna aliyejua tena kwao ni wapi. Murshid bin Hafidh wa Unguja hakuwemo.

Swalha alisimama katikati ya makaburi yale huku mkoba wake mdogo wenye msahafu ukimning'inia begani. Mahali hapo si mbali na stesheni kuu ya reli ya Guangzhou, na tangu zama za zama ndipo Waislamu wa mji huo walipolazwa, pembezoni mwa kaburi linalosemwa kuwa ni la sahaba wa Mtume. Kwa miaka minne Swalha alimliwaza mama yake kwa mahali hapo. "Mama, usilie," alikuwa akimwambia. "Murshid amelala jirani na sahaba. Nani katika ukoo wetu aliyepata jirani kama huyo?" Hakuna aliyemwambia hivyo. Aliwaza tu kwamba Muislamu akifa Guangzhou hana pengine pa kuzikwa, na kwa kulisema kila siku likageuka kweli. Mama yao alifariki Ramadhani iliyopita akiwa ameliamini, na neno lake la mwisho lenye maana lilikuwa: "Nenda kamsomee ndugu yako Yasini, Swalha. Mimi sikuwahi."

Ndiyo sababu mwezi ule wa Aprili, mwaka elfu moja mia tisa tisini na tisa, Swalha alikuja Guangzhou mapema, kabla ya wafanyabiashara wenziwe. Alikuwa na duka la nguo za watoto sokoni Darajani, Unguja, na safari mbili za nyuma alikuja mbio mbio kama wote: asubuhi soko la nguo la Shisanhang kuchagua mizigo, magharibi hotelini mtaa wa Liuhua, miguu imevimba, kesho yake tena. Safari hii biashara ingesubiri. Alimwendea Abdulsamad, mwanamume wa Tanga aliyeishi huko miaka kadhaa akisimamia makontena ya watu na kukijua Kichina cha sokoni, akamwomba amsindikize.

"Basi dada, amebaki yule mwanamke," Abdulsamad alisema walipokuwa wakivaa viatu langoni. "Yule aliyetajwa na Joachim."

Joachim alikuwa mwanafunzi mwenziwe Murshid, wakati wote wawili walipopelekwa China na serikali kusomea kilimo. Ndiye aliyekuja Unguja mwaka wa tisini na tano, akakaa ukumbini kwao na kikombe cha kahawa asichokinywa, akawaambia kuwa Murshid alikuwa ameshafariki mwezi mzima uliopita na kwamba mambo yote yamekwisha kushughulikiwa. Hakumtazama mtu usoni. Juzijuzi, Swalha alipomfuata Dar es Salaam na kumbana, alitoa jambo moja tu: "Nenda mtaa wa Dongshan. Muulize Yulan, anauza kanda za muziki. Yeye atakuonyesha."

*

Dongshan ulikuwa mtaa wa nyumba za matofali mekundu zenye nguzo na vibaraza vya juu, zilizojengwa na Wachina waliokwenda kutafuta riziki ng'ambo wakarudi na fedha na fikra za huko. Miti ya mizizi ining'iniayo ilikuwa imepasua kuta. Kwenye malango mengi palichorwa duara la chokaa nyeupe na herufi moja kubwa ndani yake. Swalha alidhani ni dua au jina la mwenye nyumba.

"Maana yake bomoa," Abdulsamad alimweleza. "Wanataka kujenga maghorofa."

Walimkuta Yulan kwenye kona ya kichochoro, amekaa juu ya kigoda nyuma ya masanduku ya kanda. Zote zilikuwa na kovu ubavuni, mahali zilipokatwa kwa msumeno. Zililetwa kutoka nje kwa tani kama takataka za plastiki na kukatwa ili zisiuzike, lakini vijana wa mjini walizifungua, wakaunganisha utepe kwa gundi, na kwa njia hiyo wakausikia muziki ambao redio zao hazikuwahi kuupiga. Yulan mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo mwenye nywele zilizokatwa fupi kama za mwanamume, na koti jeusi lililochujuka viwikoni. Alimwona Swalha kutoka mbali. Abdulsamad hakuwahi hata kufungua mdomo. Yule mwanamke aliinuka, kigoda kikaanguka nyuma yake, akasema kwa Kiswahili:

"Shikamoo, wifi."

Swalha aliganda. Kisha damu ikampanda usoni.

"Wifi yako nani?"

Yulan hakurudi nyuma. Alijionyesha uso wake kwa kidole, halafu akauonyesha wa Swalha. "Murshid sema, uso wa dada ni uso wake. Sema, dada akija, mwite wifi. Mimi ngoja. Miaka mingi ngoja."

"Mlioana?"

"Karatasi hakuna," Yulan alijibu.

Swalha alitazama kando. Alikuwa mwanamke aliyelelewa chuo cha Kurani na nyumbani kwa baba yake, Mzee Hafidh, ambako hata kicheko kilipimwa, na neno lile la wifi alitamani limrudie mwenye kulisema. Lakini hakuja kugombana na muuza kanda. Akasema alilolijia: "Nionyeshe kaburi la ndugu yangu."

Yulan akaanza kuyafunika masanduku kwa turubai. "Twende kwa miguu," alisema. "Mbali kidogo. Murshid hapana panda basi. Siku zote miguu."

*

Kwa hiyo walikwenda kwa miguu, Yulan mbele, Swalha nyuma yake, Abdulsamad katikati akitafsiri pale Kiswahili cha Yulan kilipomwishia.

Yulan hakuwapeleka moja kwa moja. Kwanza aliwapitisha vichochoroni, akisimama hapa na pale kama mtu anayekagua nyumba yake mwenyewe. Alisema kila nyumba ya mtaa ule iliwahi kumficha mtu. Zamani za bibi zake walijificha humo waliotaka kuuangusha utawala wa wakati wao. Wengine wakaja kuwa watawala, wengine wakanyongwa. Walipokufa hao, vyumba vikagawiwa kwa familia nne nne. Na katika miaka ya themanini, vijana ambao wazazi wao waliwachoka wakaanza kukodi vyumba vya paani: wachoraji, waandishi wa mashairi, wapiga gitaa wenye nywele hadi mabegani. Majirani waliwaona wakipita wakatema mate chini.

"Sisi hapana pigana na mtu," Yulan alisema. "Sisi imba tu. Lakini watu ogopa."

Alisimama mbele ya nyumba moja iliyokwisha kung'olewa madirisha, herufi nyeupe ikiwa imechorwa mlangoni. Akanyoosha kidole juu kabisa, penye kijichumba kilichobandikwa kwenye paa.

"Hapa."

Swalha aliinua macho. Nguo ya mtu ilikuwa ikikauka kwenye kamba, hakuna kingine. Hapo ndipo alipokaa yule mtoto ambaye Swalha alimtandikia kitanda akiwa mdogo, aliyekuwa akilala naye chandarua kimoja na kumpigia ubavuni kwa vidole kama ngoma mpaka Swalha amfukuze. Kila chombo Murshid alikigeuza ngoma: sinia, mlango, goti la mtu. Alipoondoka kwenda China alificha ngoma mbili ndogo za kidumbaki ndani ya sanduku, kati ya mashati, na Swalha alizijua akanyamaza.

"Aliishi vipi?" aliuliza. Hakutaka kumuuliza mwanamke yule kitu, lakini alikuwa ameshauliza.

Yulan alifikiri. Alisema Murshid alifundisha watoto wa matajiri Kiingereza, na usiku na mchana alipiga ngoma. Kundi lao lilikuwa na magitaa mawili na filimbi ya Kichina, na ngoma zake zilivipatanisha. Ramadhani alifunga, na wao wasiomjua Mungu wakaona haya kula mbele yake, wakawa wanateremka kula barabarani.

"Na kuswali?"

"Siku nyingine ndiyo. Siku nyingine hapana." Yulan aliitazama sura ya Swalha ikibadilika. "Mimi hapana sema uongo kwa wifi."

Abdulsamad alikohoa na kujifanya anasoma tangazo ukutani.

Walipotoka mtaani, Swalha alikuwa akiikumbuka siku ile ya mwaka wa tisini, habari ilipofika Unguja kwamba Murshid ameacha chuo. Mzee Hafidh, mwalimu mstaafu ambaye nusu ya mji ilipita mikononi mwake, aliisikia barazani mbele ya watu. Alisema kwa sauti ya darasani: "Serikali imempeleka akasomee mpunga uje ulishe watu, yeye amekwenda kupiga ngoma na walevi. Mimi na yeye basi." Tangu hapo jina la Murshid halikutajwa mbele yake. Mama alililia jikoni, juu ya sufuria, ili moshi uchukue lawama.

*

Barabara zilikuwa zimejaa watu. Ilikuwa ni siku zile ambazo Wachina huwaendea wafu wao kusafisha makaburi, na kila familia ilibeba maua na vikapu vya matunda. Waliingia bustani ya kwanza, yenye kilima kidogo kilichofunikwa nyasi na kuzungushiwa ukuta wa mawe, ambamo walizikwa kwa pamoja waasi wa mji waliouawa zaidi ya miaka sabini nyuma. Wanafunzi wa skuli wenye skafu nyekundu walikuwa wakiweka maua meupe. Hakuna aliyeongea kwa sauti.

"Ni hapa?" Swalha aliuliza.

"Hapana. Hapa sisi pumzika tu. Murshid penda kukaa hapa. Sema, hawa pia baba zao walikasirika."

Swalha aliwatazama wale wanafunzi wakiinama na maua yao. Walipoondoka alijikuta amewasomea Fatiha kimoyomoyo watu wale asiowajua, halafu akaitoa thawabu yake kwa ndugu yake, kwa kuwa wale hakujua kama inawafika.

Kutoka hapo walikata kaskazini hadi mlima wa Yuexiu. Ni vilima kadhaa vilivyounganishwa kuwa bustani moja kubwa, na maziwa chini yake, na juu kabisa mnara mwekundu wa zamani uliokuwa ukiulinda mji. Mvua nyepesi ilikuwa imekatika. Ngazi za mawe zililowa na kuteleza. Misufi mikubwa isiyokuwa na majani ilikuwa ikiangusha maua yake mekundu, mazito kama ngumi za mtoto, yakilia pu! yanapogonga chini, na vikongwe waliyaokota katika mifuko ya plastiki waende wakayakaushe kwa chai.

Swalha alipanda kwa kuhema. Alikuwa mnene kidogo, na buibui lilimkwaza kila ngazi. Mara mbili Yulan alinyoosha mkono kumsaidia. Mara ya kwanza aliukataa. Mara ya pili ngazi iliteleza, akaushika.

Kundi lao, Yulan alisema, lilikuja huku kila alfajiri ya Jumapili. Mtaani walikatazwa kupiga kelele, lakini mlimani wazee walikuja kufanya mazoezi na kuimba nyimbo zao za opera, na kati ya kelele zile hakuna aliyewajali. Mwisho wazee wenyewe wakaanza kuziulizia ngoma za yule Mwafrika.

Walifika mahali penye kipande cha ukuta wa kale wa mji, mizizi ya mti ikiwa imeukumbatia pande zote. Chini yao Guangzhou ilienea katika ukungu, mapaa ya kijivu na winchi za ujenzi. Yulan alisimama. Swalha alitazama mbele, akatazama nyuma. Palikuwa na benchi, nyasi, misufi na familia moja ikimenya machungwa na kusikiliza redio. Kaburi hakuliona.

Alitoa msahafu mkobani. "Haya. Kaburi liko wapi?"

Yulan alifungua mdomo. Kiswahili chote kilimkimbia. Akageuka kwa Abdulsamad na kusema kwa Kichina, maneno mengi, haraka haraka, macho yake yakiwa chini. Abdulsamad akamuuliza swali. Akajibu. Akamuuliza tena, kama mtu anayetumaini kwamba amesikia vibaya. Kisha akavua kofia yake akaishika kwa mikono miwili.

"Dada Swalha, kaa kwanza kwenye benchi."

"Sikai. Sema."

"Hawakumzika. Hospitali walitaka ndugu mwenye karatasi aje amchukue. Hakuwepo. Huku asiyekuwa na wa kumdai huchomwa. Wamemchoma, dada. Hawa rafiki zake walipewa majivu. Wakaja nayo hapa alfajiri, wakayamwaga hapa alipokuwa akikaa."

Swalha hakulia. Alipiga ukelele mmoja mfupi, kama mtu aliyekanyaga mwiba, na yule bwana wa machungwa akainuka nusu. Akamwendea Yulan, akamshika koti kifuani kwa ngumi zote mbili.

"Mmemchoma? Mmemchoma ndugu yangu kama taka? Hukujua kuwa ni Muislamu? Si ulisema alikuwa akifunga mbele yenu? Hukujua?"

"Najua," Yulan alisema. Hakujitetea wala kujitoa mikononi mwake. "Mimi sema hospitali: Muislamu. Wao sema: karatasi iko wapi? Visa imekufa. Mimi sema ngoja, dada yake atakuja. Wao sema siku tatu. Joachim piga simu Zanzibar." Hapo aligeuka tena kwa Abdulsamad na kumalizia kwa Kichina.

Abdulsamad alisita. Ilionekana wazi kwamba angependa kuwa mahali pengine popote duniani.

"Anasema Joachim alipiga simu nyumbani kwenu, maiti ya Murshid ikiwa bado hospitali, haijachomwa. Akapokea mzee wenu. Mzee akasema hana mtoto wa jina hilo."

Ngumi za Swalha zilifunguka. Aliketi, si kwenye benchi, bali palepale kwenye nyasi zilizolowa. Sasa alielewa kwa nini Joachim hakuinywa ile kahawa.

Maua ya msufi yaliendelea kuanguka. Yulan alichuchumaa karibu, lakini si karibu sana, na kwa taratibu akasimulia yaliyobaki: kipupwe kizima cha kukohoa, hofu ya kwenda hospitali kwa sababu hakuwa na kibali tena cha kukaa nchini, mapafu yaliyokwisha kuoza alipokubali. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Hatimaye Swalha aliuliza, bila kuinua kichwa: "Abdulsamad, hukumu yake ni nini mtu kama huyu?"

"Mimi si sheikh, dada. Lakini najua maiti halaumiwi kwa alilotendwa. Na najua kwamba haki yake ya kuswaliwa bado iko shingoni mwetu. Pa kutia udhu nimepaona hapo chini, bomba la bustani."

Wakaenda kutia udhu, wakarudi. Abdulsamad aliutafuta upande wa magharibi kwa kulitazama jua lililofifia nyuma ya ukungu. Akavua viatu, akasimama mbele. Swalha akasimama nyuma yake peke yake. Swala ya maiti haina kurukuu wala kusujudu, ni kusimama tu, na kwa mbali walionekana kama watu wawili wanaoutazama mji. Katika takbira ya pili Swalha alihisi mtu ubavuni. Yulan alikuwa amevua viatu vyake na kufunga mikono kifuani, midomo yake imefumbwa. Swalha angeweza kumfukuza. Alisogea kidogo kushoto ili ampishe mahali pasipokuwa na dimbwi.

Baadaye aliisoma ile Yasini aliyotumwa. Aliisoma yote, kwa sauti, na familia ya machungwa ikazima redio yao.

*

Chini ya mlima, karibu na lango, palikuwa na ofisi ya simu yenye vibanda vya vioo kwa watu wanaopiga nchi za nje. Swalha aliingia na kuacha mlango wazi kwa sababu ya joto. Alikuwa ameshayapanga maneno, yote makali. Huko Unguja adhuhuri ilikuwa haijafika. Simu iliita na kuita.

"Nani mwenzangu?" Sauti ilikuwa ya kizee kuliko alivyoikumbuka.

"Mimi Swalha, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. U mzima?"

"Mzima. Baba, nimefika alipokuwa akiishi Murshid."

Swalha alisikia saa ya ukutani ya nyumbani kwao ikigonga.

"Joachim alikupigia simu mwaka ule," alisema.

"Alinipigia."

"Ukamwambiaje?"

"Unajua nilivyomwambia, ndiyo maana unaniuliza."

"Nataka kukusikia wewe."

Mzee Hafidh alivuta pumzi. "Alisema, nakupigia kwa ajili ya Murshid. Nikasema sina mtoto wa jina hilo, nikaiweka simu. Sikumwacha afike mbele, Swalha. Nilidhani ni fedha, au ni kuombewa radhi. Ikalia tena. Nikaitazama inalia mpaka ikaacha." Alikohoa. "Mwezi baadaye kijana yule alipokuja akasema amekufa, nikahesabu siku. Nikajua ile simu ilikuwa ya nini. Mama yako alikuwa kakaa pembeni yangu. Kafa hajui."

Swalha aliyaacha yale maneno makali aliyoyapanga.

"Wamemzika wapi?" baba aliuliza.

"Hawakumzika, baba. Wamemchoma. Hakukuwa na wa kumdai."

Alisikia kiti kikiburutwa. Alidhani simu imekatika, akaita, "Baba? Baba?"

"Nipo." Halafu, kwa sauti ndogo kabisa: "Aliyemwosha nani? Au hakuoshwa?"

Swalha hakulijua hilo. Hakuwaza kuuliza. Alikifunika kinywa cha simu kwa kiganja akamgeukia Yulan, aliyekuwa amesimama nje ya kibanda na viatu vyenye matope. "Ndugu yangu alioshwa na nani? Kabla ya moto, kuna aliyemwosha?"

"Mimi," Yulan alisema. "Chumba cha hospitali. Maji ya vuguvugu. Kuume kwanza, halafu kushoto. Mara tatu. Murshid fundisha mimi, alipoumwa sana. Mimi lia, sitaki jifunza. Yeye sema, jifunza. Halafu nguo nyeupe, shuka zangu mbili, nimekata."

Swalha aliyarudia maneno hayo kwenye simu, moja baada ya jingine, kama alivyoyasikia.

"Kuume kwanza," Mzee Hafidh alisema. "Ni nani huyo aliyemwosha?"

Swalha alimtazama mwanamke yule, nywele zake fupi, koti lake lililochujuka. Hakujua kama analotaka kulisema ni kweli mbele ya sheria yoyote, ya huko au ya kwao.

"Mkewe," alisema.

"Mke humwosha mumewe," alisema mzee haraka, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua. "Inafaa. Vitabuni imo, inafaa." Akalirudia tena neno hilo, inafaa, kisha sauti yake ikavunjika, na Swalha kwa mara ya kwanza maishani mwake akamsikia baba yake akilia. Hakuikata simu. Alisimama nayo sikioni mpaka karani akaja kugonga kioo.

*

Aliyokuja kuyasikia baadaye, kutoka kwa majirani, ni haya. Ijumaa iliyofuata Mzee Hafidh aliondoka nyumbani mapema, kavaa kanzu yake ya Idi. Baada ya swala, imamu alipokuwa anataka kuinuka, mzee aliinuka yeye, kwa kushikilia nguzo. Walikuwemo wanafunzi wake wa zamani, waliokuwa sasa wenye mvi, na wale waliokuwepo barazani mwaka wa tisini. Akasema: "Nina mtoto wangu, Murshid, kafa ugenini. Mimi ndiye niliyemnyima jeneza. Namwombea swala kwenu, na mimi naomba mnisamehe." Msikiti mzima ulisimama kumswalia. Wengine walihofia mzee angeanguka, lakini alisimama mpaka salamu.

Swalha alirudi Unguja mwishoni mwa mwezi na mizigo michache kuliko kawaida. Alimkuta baba yake barazani, amekonda. Alimbusu mkono, akaketi kwenye mkeka miguuni pake. Mzee aliwangoja wapita njia wapite.

"Huo mlima," alisema. "Unapandikaje?"

"Una ngazi, baba. Za mawe. Zinateleza."

"Mtu wa umri wangu anaweza?"

Swalha aliyatazama magoti ya baba yake chini ya kanzu, na hakumjibu kwa uongo. "Kwa kushikwa," alisema. "Na kwa kupumzika njiani."

"Hebu niambie njia yote. Anzia alipokuwa akikaa."

Swalha akaanza kwenye kichochoro cha Dongshan, kwenye nyumba zile za matofali mekundu, na mzee akainamisha kichwa ili asipitwe na neno.